Ukuta wa Nyuma

Mvua inayotuzamisha hainyeshi kwetu.
Hunyesha huko juu, Cherang'ani, kwa watu tusiowajua,
nasi Bunyala tunalala chini ya nyota
hadi mbwa waanze kulia, na Nzoia
iingie jikoni bila hodi, ibebe sufuria
na kiatu kimoja. Siku zote kimoja.

Mama Rispa Nasubo ndiye mfagiaji wa kanisa.
Halipwi. Ana ufunguo, jembe, na ndoo iliyotoboka.
Maji yakishuka, yeye hutangulia kurudi kutoka kambini,
kabla ya chifu, kabla ya watu wa msaada na daftari zao.
Hukwangua tope sakafuni, huwatoa kambare
waliokwama chini ya meza ya Bwana
("Hawa nao walikuja kuungama," husema),
kisha huketi kwenye benchi lililovimba
akiutazama ukuta wa nyuma.

Ukuta huo una mistari.
Ya kahawia ni ya mto, kila gharika na kimo chake.
Ya penseli ni yetu, watoto wa shule ya Jumapili,
tuliopimwa kila Krismasi, kisigino ukutani,
rula juu ya kichwa, jina na mwaka.
Mimi hapa. Dada yangu Nabwire hapa.
Na hapa Makokha, kitindamimba wake,
penseli yake imekoma vidole vinne
chini ya mstari wa mto.

Hakuzama. Watu hupenda kusema alizama.
Alikufa kambini, juu ya tuta, kwa kuhara,
siku ya tatu ya kungoja mashua ya dawa.

Mwaka jana alikuja mhubiri kutoka Kisumu,
soksi nyeupe, akatufundisha saburi.
Saburi, alisema, ni kunyamaza mbele za Mungu.
Tukaitika amina. Mama Rispa hakuitika.
Baadaye, tukiosha vikombe, nilimwuliza.

"Kunyamaza? Mimi nilimfokea Mungu
hadi sauti ikakauka. Nikamwambia,
huu mto ni wako; mwenye ng'ombe humfunga.
Kisha miezi saba sikuomba. Hata neno.
Nilikula bila kushukuru,
kama mtu anayelipa deni.
Lakini ufunguo ulikuwa kwangu,
na Jumamosi ilifika kama kawaida,
na kesho yake watu wangekuja, na sakafu ilikuwa chafu.
Basi nikafagia.
Sikuomba. Nilifagia tu."

Akakung'uta kikombe.
"Sijui iligeuka siku gani.
Nilijikuta tu ninanong'ona,
kati ya benchi la nne na la tano,
nikadhani ni ufagio."

Sasa vijana wamechanga pesa za rangi.
Wanataka kanisa jeupe kabla askofu hajafika Agosti.
Mama Rispa amewaruhusu kuta tatu.
Mbele ya ule wa nne alisimama na jembe,
miaka sabini na minne, mgongo umepinda kama mundu,
na vijana wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

"Mwacheni askofu aone," akasema,
"mahali yalipofika.
Na kwamba yalishuka."

Jana usiku mbwa walianza tena.
Tulipandisha mabenchi darini, na ngoma, na sahani ya sadaka,
nikamshika mkono kupanda tuta gizani.
Mzigo wake ulikuwa mdogo: blanketi, sufuria,
mbegu za mtama ndani ya chupa iliyozibwa kwa nta.

"Mbegu za nini, mama? Shamba liko chini ya maji."

"Leo," akajibu,
akauhamishia ufagio mkono wa pili.